Muhula wa Shangazi Barafu

Jumatatu, 5 Mei

Shule imefunguliwa, na mvua nayo imefunguliwa. Darasa langu la Kidato cha Pili B lina bati lisilo na dari, kwa hiyo leo nimefundisha mikondo ya bahari kwa kupiga kelele kama mtu anayenadi mitumba. Koo linawaka.

Mkuu wa shule ameniita ofisini. Wakati wa likizo alikwenda semina, na huko ameambiwa kuna shule zinazoongea moja kwa moja na wanasayansi walioko kwenye barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Watoto wanauliza, mwanasayansi anajibu, kila wiki, muhula mzima.

"Na wewe, Mwalimu, si una wifi huko?"

"Ninaye."

"Sasa tukaombe chumvi kwa jirani ya nini, na jikoni ipo?"

Nimemwambia nitamwandikia. Sikumwambia kwamba nyumbani kwetu jina la wifi halitajwi mezani.

Jumanne, 6 Mei

Niandike mara moja, nisirudie tena.

Baba mkwe alifariki mwezi wa tatu. Kule barafuni meli ya mwisho ilikuwa imeshaondoka, na nyingine haiji mpaka kiangazi chao, mwishoni mwa mwaka. Wifi asingeweza kuja kumzika baba yake hata angeota mabawa. Hilo mama mkwe alilielewa. Kilichomshinda ni simu. Hakutaka mtu mwingine ampe binti yake habari ile. Alisema hiyo ni kazi ya mama. Mume wangu akapiga, akampa simu. Mama akasema, "Mwanangu, baba yako ametutoka." Kimya. Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni pake, sikio langu karibu kabisa. Sikusikia kwikwi, sikusikia hata pumzi. Mama akangoja, uso ukambadilika, akasema, "Haya, kama huna la kusema," akakata.

Tangu siku ile hapokei simu ya binti yake. Wifi alimwandikia kaka yake kwamba mama ndiye aliyekata. Mama akajibu, "Nilikata nini, na hakuna aliyekuwa anaongea?" Mume wangu amenawa mikono: mambo ya mama na binti yake, yeye hayumo. Mimi nipo upande wa mama, ambaye sasa anakaa nasi, chumba cha nyuma. Mtu anayempenda baba yake hanyamazi vile.

Alhamisi, 8 Mei

Wifi amekubali haraka kuliko nilivyotaka. Itakuwa kila Alhamisi, kipindi cha tatu. Mwisho wa ujumbe ameuliza, "Mama hajambo?" Nimejibu, "Hajambo."

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya kwanza, na vurugu tupu. Fundi wa kompyuta, ambaye hukunja nyaya taratibu kama anayefunga kidonda, aliwasha mtambo, na uso wa wifi ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango. Amekonda. Darasa zima likasimama kusema shikamoo, wakamwita Shangazi, kwa kuwa ni shangazi wa watoto wangu. Kabla kipindi hakijaisha alikuwa ameshakuwa Shangazi Barafu.

Wa kwanza kuuliza, bila shaka, alikuwa Redio. Huyu ni msichana wa dawati la mbele ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu. "Shangazi, kuna baridi kiasi gani?" Kimya. "Haloo? Haloo? Shangazi, unatusikia?" Papo hapo jibu likaja, likaangukia juu ya haloo zake, naye Redio akauliza tena, na wifi akaanza tena, wakawa wanagongana kama mbuzi wawili mlangoni.

Wifi akainua mkono. Alieleza kwamba sauti yetu inapanda mpaka kwenye setelaiti, inashuka, inapita kwenye mitambo kadhaa, na yake inarudi kwa njia hiyo hiyo ndefu. "Ukimaliza, sema 'zamu yako', kisha unyamaze. Meza mate mara mbili. Usiposikia kitu, usiseme haloo. Ninakuja." Watoto wakacheka, wakaanza kumeza mate kwa kelele. Mimi nilikuwa nahangaika na pazia linalopitisha mwanga, sikutia maanani.

Jioni mama alikuwa anashona kifungo cha shati la mjukuu wake. "Huyo mgeni wenu alikuja?"

"Alikuja, Mama."

"Kavaa nini?"

"Kofia ya sufu na koti."

"Mm." Alikata uzi kwa meno. Akatunga uzi mwingine, akasema, "Koti zito?"

Alhamisi, 22 Mei

Jua limeshazama kule na halitachomoza mpaka mwezi wa saba. Wifi alitueleza hilo kama mtu anayeeleza kwamba duka limefungwa.

Halafu akatuonyesha kazi yake, na lazima nikiri kwamba nimesahau kumchukia kwa muda wa kipindi kizima. Anakusanya hewa. Hewa ya kule ni safi kuliko karibu popote, kwa hiyo ndiyo wanayopimia namna hewa ya dunia nzima inavyobadilika. Anatoka gizani na chupa ya kioo, anaelekea unakotoka upepo, anasimama. Anavuta pumzi ndefu na kuibana kifuani. Anapiga hatua chache mbele, kuiacha nyuma hewa aliyokwisha kuipumua. Hapo ndipo anafungua chupa, anaijaza, anaifunga vizuri, kisha ndipo anapumua. Pumzi moja tu ya kwake ikiingia, chupa imeharibika.

"Na ukipaliwa?" aliuliza Redio. "Zamu yako."

Tukameza mate.

"Naanza upya," wifi alisema. "Upepo haunijui mimi ni nani."

Darasa lote likabana pumzi kujaribu. Wakawa wekundu wa macho, mashavu yamevimba. Nami nilibana, mbele ya ubao, mtu mzima na chaki mkononi.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua juu ya bati. Tumeonana tu, hatukusikilizana.

Alhamisi, 5 Juni

Naandika haya kabla sijavua viatu.

Watoto sasa wanaijua njia yenyewe. Anayeuliza anasimama, anauliza, anasema zamu yako, na darasa linanyamaza. Si unyamavu wa kuogopa kiboko. Wamejifunza kungoja, watoto ambao mwezi uliopita hawakuweza kungoja niandike tarehe. Mwalimu wa hesabu alipita nje akarudi kuchungulia dirishani, akidhani sipo.

Leo wifi alikuwa anacheka kwa jambo ambalo fundi alisema kuhusu suruali tatu ambazo wifi huvaa kwa pamoja kwa ajili ya baridi. Bado anacheka, Redio akasimama na kuuliza, "Shangazi, umewahi kulia huko? Zamu yako."

Nilitaka kumkalisha. Nikamtazama wifi ukutani, naye alikuwa anatabasamu. Swali limeshaulizwa, na yeye anatabasamu, meno yote nje. Nikawaza, tazama mtu huyu, hana moyo. Na bado nawaza hivyo, tabasamu likamwanguka. Swali ndiyo kwanza lilikuwa limemfikia. Akatazama chini, akavua miwani, akasema, "Ndiyo. Mwezi wa tatu."

Nikakaa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimeiona saa hiyo, kwa macho yangu, nafasi iliyopo kati ya neno kusemwa na neno kufika. Nilimkumbuka mama na simu sikioni, akingoja kidogo tu, muda wa kumeza mate mara moja na nusu, kisha akakata. Kimya nilichokisikia siku ile kilikuwa sauti yake mwenyewe mama, ikienda. Binti alikuwa hajaambiwa bado. Alipoambiwa, sisi tulikuwa tumeshaiweka simu mezani.

Nimemsema vibaya wifi yangu kwa miezi mitatu kwa sababu ya setelaiti.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemweleza mama. Nilichora hata picha: dunia, setelaiti, mishale. Aliniacha nimalize.

"Umetumwa," alisema.

"Sijatumwa, Mama."

"Nimezaa, nimelea. Mtoto akilia, mama anasikia hata akiwa kisimani. Leo unaniambia kilio kilichelewa kama basi?"

"Ndivyo kilivyochelewa, Mama."

"Mwalimu wa jiografia," akasema, akaenda kuanika nguo zilizokuwa tayari zimeanikwa.

Mume wangu nilipomweleza alishika kichwa. Kumbe naye huandikiana tu na dada yake. Akijaribu kuongea naye, husema haloo mara kumi na kuvunjika moyo. Wanaume wa nyumba hii!

Alhamisi, 12 Juni

Mitihani ya majaribio. Hakuna mazungumzo. Mama ameuliza kwa nini hakuna.

Alhamisi, 19 Juni

Tulikaa tukiutazama ukuta mtupu kipindi kizima. Fundi alijaribu kila kitu, akajaribu tena. Wifi hakutokea. Watoto hawakutaka kufungua vitabu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amesimama getini. Hajawahi kunisubiri getini. "Amesema nini?"

"Hakuja leo, Mama. Labda mtandao."

"Labda," alirudia, akaingia ndani mbele yangu. Chakula hakukigusa.

Jumamosi, 21 Juni

Ujumbe umekuja kwa mume wangu. Dhoruba ya theluji imewapiga tangu Jumatano, upepo wa kumwangusha mtu mzima, na dishi lao lilizibwa na barafu. Kati ya nyumba ya kulala na chumba cha vipimo wamefunga kamba, na mtu anayetoka lazima ajifunge kwenye kamba hiyo, kwa maana akinyoosha mkono hauoni mkono wenyewe. Wifi amepita kwenye kamba hiyo kila siku kwenda kusoma vipimo vyake. Amesema hayo kwa mstari mmoja, kisha ameuliza kama watoto walimngoja sana.

Mume wangu alisoma ujumbe kwa sauti, sebuleni, akijifanya anausoma kwa ajili yangu. Mama alikuwa mlangoni na ufagio. Aliposikia habari ya kamba aliketi kwenye mkono wa kochi, mahali ambapo huwakataza wajukuu wake kukaa.

"Kamba ya nini?" aliuliza. "Ya katani au ya plastiki?"

Hakuna aliyejua. Alinikasirikia mimi kwa kutojua.

Alhamisi, 26 Juni

Watoto wamempigia wifi makofi mpaka mwalimu wa hesabu akaja kulalamika. Shavu la wifi lina alama nyeusi, baridi imelichoma. Mmoja wa wavulana aliuliza kwa nini asingengoja dhoruba ipite ndipo akasome vipimo.

"Nikikosa siku moja, siku hiyo haipo tena," wifi alisema. "Hakuna anayeweza kwenda kuichukua kesho. Na watu wengi sana hawatajua kwamba ilikosekana, ila mimi nitajua."

Nimefundisha miaka mingi na nimewahi kuwahimiza watoto juu ya bidii kwa maneno makubwa makubwa. Sijawahi kuyasema kwa ufupi vile, wala kwa shavu lililoungua. Huyu ndiye niliyekuwa namwita hana moyo.

Jioni nilimweleza mama.

"Shavu gani?"

"La kushoto."

Mkono wake ulipanda wenyewe hadi shavuni kwake, upande huo huo. Alikuwa amenipa mgongo, lakini niliuona kwenye kioo cha kabati.

"Alhamisi nitakuja," alisema. "Kuangalia tu. Usiniweke mbele."

Alhamisi, 3 Julai

Mama alivaa gauni lake la kuendea harusini na kuketi dawati la nyuma, karibu na ramani, mahali kamera haifiki. Wifi akatokea. Na mvua, ambayo ilikuwa haijanyesha siku kumi na ambayo kwa kawaida mwezi huu haipo, ikamwagika juu ya bati kana kwamba imetumwa. Tuliona mdomo wa wifi ukifunguka na kufungika. Hakuna zaidi.

Njiani kurudi nilimshikia mwavuli. "Pole, Mama."

"Nimemwona," alisema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kakonda."

Jumatatu, 7 Julai

Mkuu ametangaza kwamba Alhamisi tarehe ishirini na nne ndiyo ya mwisho. Muhula ujao kituo cha barafuni kitaongea na shule nyingine, na hiyo ni haki. Redio amelia waziwazi.

Alhamisi, 10 Julai

Mama hakuja. Goti.

Alhamisi, 17 Julai

Goti tena. Wifi aliwafundisha watoto namna barafu ya bahari inavyokua kwa chini, si kwa juu, na jinsi wanavyotoboa tundu na kushusha kamba ya kupimia unene wake. Nilikuwa nasikiliza nusu nusu.

Nyumbani nilimkuta mama anapanda ngazi ya uani na ndoo ya maji, goti likiwa zima kama la msichana. Tulitazamana.

"Ukweli ni kwamba naogopa," alisema, akaiweka ndoo chini. "Itakuwaje nikiongea, halafu anyamaze tena?"

"Atanyamaza, Mama. Lazima anyamaze kwanza. Ndivyo njia ilivyo."

"Na mimi nitajuaje ni njia, si yeye?"

Nilibeba ndoo.

Alhamisi, 24 Julai

Asubuhi nilimkuta amekwisha kuvaa, yuko mlangoni na mkoba. Nilimfungulia mlango, nikangoja atangulie. Nimejifunza kwa wanafunzi wangu.

Anga ilikuwa safi. Mama aliketi dawati la nyuma. Redio, ambaye hakuna anayemtuma popote, alihama kutoka mbele na mkoba wake akaenda kuketi naye. Nilisikia akimnong'oneza: "Bibi, ukitaka kuuliza unanyoosha mkono hivi. Ukimaliza unasema zamu yako. Halafu unangoja hata kama inachosha."

Wifi alitokea amejaa furaha. Jua lilikuwa limechungulia kwao jana kwa mara ya kwanza, kwa muda mfupi tu, na wote kituoni walitoka nje kulipungia mkono, hata mpishi na sufuria lake. Watoto wakacheka, wakauliza yao. Muda ukawa unakwisha. Nikauliza kama kuna swali la mwisho, nikitazama vitabu vyangu, kwa maana sikuweza kutazama nyuma.

Dawati liligonga sakafu. Mama alikuwa amesimama, mkono juu, umenyooka kabisa.

"Naam," nilisema. Sauti ilinitoka kama ya kifaranga.

"Mimi ni mwanafunzi mgeni," mama alisema, kwa nguvu, akiutazama ukuta. "Naomba kuuliza. Mtu akikata simu mapema, ile sauti iliyokuwa bado iko njiani inakwenda wapi? Zamu yako."

Watoto walifikiri ni swali la fizikia. Wakageuka kumsikiliza Shangazi.

Ukutani wifi alikuwa bado anatabasamu kwa habari ya sufuria. Alitabasamu, akarekebisha kofia yake, akatabasamu. Mama alikuwa anamwona. Mikono yake ilishika ukingo wa dawati, nami nilijua anaona nini, kwa kuwa niliwahi kukiona: binti ameulizwa neno zito na hana habari. Nilitaka kupiga kelele, Mama, ngoja. Redio alimgusa kiwiko. "Bado, Bibi. Inaenda."

Mama hakukaa. Hakusema haloo. Alisimama pale na kungoja.

Ndipo tabasamu likamtoka wifi. Alisogeza uso karibu na kamera mpaka tukaona alama ya shavuni, akitafuta mtu asiyeweza kumwona. Akavua kofia, kama mtoto anayeingia chumbani kwa mkubwa.

"Shikamoo, Mama."

Kisha, kabla marahaba haijaweza kumfikia: "Haiendi popote. Inakuta simu imefungwa. Nilikuwa nakwambia usikate, Mama. Nililia nikikwambia usikate, na niliendelea kukwambia mpaka mpishi wetu akaja akanitoa simu mkononi."

Hakusema zamu yako. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama amemaliza, na darasa lote likaendelea kungoja, na mama pamoja nalo.

"Marahaba, mwanangu," alisema mwishowe. "Basi lia sasa. Mimi sikati." Akaketi.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka, hata wale wa karibu na mlango ambao huwa nje kabla haijanyamaza. Mkuu wa shule akafungua mlango kwa kishindo. "Ninyi, hamjasikia kengele?" Redio, mtoto wa Kidato cha Pili, akamgeukia na kuweka kidole mdomoni. Mkuu akatazama ukuta, akatazama dawati la nyuma, akatoka na kuufunga mlango polepole. Nimewahi kujivunia matokeo ya mitihani. Sijawahi kulipenda darasa kama nilivyolipenda leo.

Nikaenda nyuma, nikachutama kando ya mama. Mtandao ulikuwa umezubaa ghafla, na maneno yake yalikuwa bado yanasafiri. Ukutani wifi alikuwa anatazama tu, akingoja naye. Halafu yakamfika. Uso ukamkunjika, na sauti ikaja, kubwa, ya mtu mzima anayemlilia baba yake, ikajaza chumba hadi kwenye bati.

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza macho yamefumba, mkono wake umeushika wangu.

"Ndicho hicho," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ndicho nilichokuwa nakingoja."